Hatia ya ulevi ni ya nani: ya anayekunywa au ya anayemnywesha?



Katika kanisa letu watu wengi wanaona kwamba swali la pombe limekwisha. Hatunywi. Wazazi wetu walitufundisha hivyo, nasi tunawafundisha watoto wetu. Lakini kuna swali jingine ambalo hatulisemi mara nyingi. Mtu akilewa na kuharibu nyumba yake, je, hatia ni yake peke yake? Au kuna mwingine aliyekuwa nyuma yake, akimsukuma polepole huku akicheka naye? Nabii Habakuki hakusema ole kwa mlevi. Alisema ole kwa yule anayemnywesha jirani yake. Basi neno hili linataka tufikiri.

Ili tusiseme maneno ya hewani, tumechagua mfano mmoja unaojulikana duniani: nyumba ya bia ya Anheuser-Busch, ya mji wa St. Louis katika Marekani, ile inayotengeneza Budweiser. Hatuwachukii watu wake. Tunataka kuona jinsi kazi yao inavyokwenda, kwa sababu desturi kama zao tunaziona hata katika barabara zetu.

1. Nyumba iliyojua kutoa zawadi

Nyumba hii ilianza ndogo. Mwaka 1860 Eberhard Anheuser, Mjerumani aliyekuwa akitengeneza sabuni, alichukua kiwanda kidogo cha bia kilichokuwa kimeanguka katika madeni. Mwaka 1861 binti yake aliolewa na Adolphus Busch, kijana mwingine aliyetoka Ujerumani. Huyu Busch alikuwa mtu wa akili na wa bidii. Alichemsha bia ndani ya chupa ili isiharibike njiani, akaipakia katika magari ya moshi yenye barafu, akaifikisha mbali. Mwaka 1876 akaleta bia aliyoiita Budweiser.

Hadi hapo tunaona kazi tu, na bidii si dhambi. Lakini Busch alielewa jambo jingine: mtu hanunui kinywaji tu, ananunua na picha iliyo moyoni mwake. Kwa hiyo alitoa zawadi, kwa mfano visu vidogo vya mfukoni vyenye kitundu ambamo ukichungulia unaona sura yake. Tena, kuanzia mwaka 1896, kampuni iligawa katika mabaa ya Marekani picha kubwa ya vita vya mwaka 1876, ambamo jemadari Custer na askari wake waliuawa na Wahindi Wekundu, Walakota na Wacheyenne. Picha ile ina damu, farasi na wanaume wanaokufa. Bia haimo. Chini yake tu kuna jina la kampuni. Basi tuulize: kifo cha watu wale kina uhusiano gani na bia? Hakuna. Lakini mtu aliyesimama pale na kilauri mkononi alijiona shujaa.

Tangu mwaka 1920 hadi 1933 sheria ya Marekani ilikataza pombe. Nyumba hii haikufa. Iliuza chachu na vinywaji visivyolevya. Bia iliporuhusiwa tena, mwezi wa 4 mwaka 1933, ilileta farasi wakubwa wa asili ya Scotland wakivuta gari la bia, watu wakatoka barabarani kuwatazama. Farasi hao wanaonyeshwa hadi leo. Ni wazuri, watoto wanawapenda. Tena bia haimo ndani ya farasi.

Mwaka 1953 kampuni ilinunua timu ya mchezo wa besiboli ya mji wao, Cardinals. Mkubwa wake alitaka uwanja uitwe Budweiser. Wakubwa wa mchezo walikataa uwanja kuitwa kwa jina la bia. Basi akauita Busch, jina la ukoo wake, na hilo hawakuweza kulikataa. Kisha mwaka 1955 kampuni ikatoa bia mpya yenye jina la Busch. Wapendwa, angalieni hekima ya namna hii! Mlango ulifungwa, naye akaingia kwa dirisha.

2. Mbwa na vyura

Mwaka 1987, wakati wa mchezo mkubwa wa Marekani unaoitwa Super Bowl, watu waliona kwenye televisheni mbwa mwenye doa jeusi kwenye jicho, aliyeitwa Spuds MacKenzie, akitangaza bia ya Bud Light. Baadaye madukani kukawa na mbwa wa kitambaa wa kuchezea na nguo zenye sura yake. Wazazi wengine wakalalamika kwamba watoto wanavutwa. Kampuni ikajibu kwamba inasema na watu wazima tu. Mwaka 1989 mbwa yule aliachwa.

Mwaka 1995 wakaja vyura watatu wakilia usiku penye maji, kila mmoja akitoa kipande cha jina Budweiser. Mwaka uliofuata, wachunguzi wa California waliwauliza watoto wa miaka 9 hadi 11 juu ya wanyama wa televisheni. Watoto wengi walijua maneno ya vyura karibu sawa na maneno ya sungura wa filamu zao wenyewe.

Hatusemi kwamba mtu alikaa mezani akaandika: tuwanase watoto. Hatujui mioyo ya watu. Lakini mvuvi akitupa wavu na wadogo wakaingia, anaweza kusema hakuwataka. Akiutupa tena mahali pale pale, neno lake linapungua nguvu.

3. Maneno mawili ya kinywa kimoja

Sasa tufike penye moyo wa habari. Katika miaka ya 1980 kampuni hii ilianza kutangaza shauri jema: mnywaji ajue wakati wa kusema basi. Shauri hili lina maana gani? Lina maana kwamba kipimo kiko kwako. Ukipita kipimo, ni wewe. Kampuni imekwisha kukuonya.

Lakini mwaka 2015 nyumba ile ile iliandika kwenye chupa za Bud Light kwamba hiyo ni bia inayofaa kuondoa neno hapana katika msamiati wako usiku ule. Watu wengi walikasirika, zaidi ya wote wanawake, kwa sababu walijua neno hapana la mwanamke linapoondolewa usiku mambo yanaishia wapi. Kampuni iliomba msamaha, ikaacha kuyachapa maneno hayo. Ilifanya vizuri kuomba msamaha.

Hata hivyo, ndugu, tuweke maneno hayo mawili pamoja. La kwanza: ni juu yako kujua wakati wa kusema basi. La pili: tutakuondolea neno hapana. Anayekuambia ujilinde ndiye anayechukua ngao yako. Tunaona kwamba chupa ile, kwa kukosea, ilisema kweli. Kazi ya pombe ndiyo hiyo. Haianzi kwa kuchukua feza wala afya ya mtu. Inaanza kwa kuchukua hapana yake.

Tena kuna hesabu. Katika Marekani, sehemu moja katika kumi ya watu wazima, wale wanaokunywa kupita wote, ndiyo inayokunywa zaidi ya nusu ya pombe yote. Basi kama watu hao wangetii shauri la kusema basi, biashara ya pombe ingepungua sana. Je, muuzaji anaweza kuomba kwa moyo wote kwamba shauri lake lisikiwe? Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 2.6 walikufa kwa sababu ya pombe.

4. Wanaosema: kila mtu na kinywa chake

Wengine watatujibu: hakuna aliyefungwa kamba na kumiminiwa bia. Kila mtu ana kinywa chake na akili yake. Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatulitupi. Mlevi anayempiga mke wake hawezi kusema kwamba ni vyura wa televisheni waliompiga. Tukimwondolea hatia, tunamwondolea na utu wake, kwa maana asiye na hatia ya lolote hana uwezo wa kugeuka. Toba inaanza na neno mimi.

Wengine watasema: kampuni hizi zinatoa kazi, zinasaidia watu. Ni kweli. Tangu mwaka 1988 Anheuser-Busch inasimamisha mara kwa mara utengenezaji wa bia katika kiwanda kimoja, inajaza maji safi katika makopo, inayapeleka bure penye tufani na mafuriko. Mwenye kiu aliyeyapata alisaidiwa kweli. Lakini mwaka 2018 kazi hiyo ya maji ilionyeshwa katika tangazo la Super Bowl. Tunaamini kwamba sadaka ni sadaka, nayo haifuti deni la jambo jingine. Ukimpa jirani yako maji leo, hupati ruhusa ya kumpotosha kesho.

Basi jibu letu ni hili. Hatia haigawanywi kama mkate, kwamba huyu akichukua nusu, yule abaki na nusu. Anayekunywa anabeba mzigo wake mzima. Anayemshawishi anabeba wake mzima pia. Na mzigo unafuata uwezo. Mama anayeuza chupa kumi mlangoni ili apate malipo ya masomo ya watoto hana mzigo sawa na yule mwenye feza ya kununua usiku mzima wa televisheni. Kwa zaidi ya miaka 30 Anheuser-Busch ilinunua haki ya kuwa peke yake kutangaza bia kwa nchi nzima katika Super Bowl. Mwaka 2008 nyumba hiyo yenyewe ilinunuliwa kwa dola bilioni 52 na kampuni ya InBev ya Leuven, Ubelgiji, mji uliotupa zamani chuo kikuu cha Lovanium. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilimeza na SABMiller, hata ikapata viwanda vya bia katika Tanzania na Uganda, jirani zetu. Anayepewa nguvu nyingi hivi ataulizwa mengi.

5. Viti vya kilio

Tungeweza kuishia hapa, tukawaachia Wamarekani na Wabelgiji mambo yao. Lakini tulikutana na jambo lililotufunga mdomo.

Siku moja tulikwenda kwenye kilio cha baba mmoja wa mtaa wetu. Kila mtu alijua ni pombe iliyommaliza. Mhubiri wetu alisema maneno makali juu ya ulevi, nasi tukaitika amina. Nyuma ya mama mmoja alikuwa mtoto anayejifunza kusoma. Aliweka kidole kwenye kiti cha plastiki cha mbele yake, akafuata herufi moja moja, kisha akasoma kwa sauti: lilikuwa jina la bia. Tukatazama. Viti vyote vilikuwa na jina lile, hata hema lililotukinga jua. Tulikuwa tumeviomba bure, vikaletwa na kamyo ya bia, tukashukuru.

Mama yake alimnyamazisha. Lakini mtoto hakukosea. Alisoma kilichoandikwa. Sisi tulihubiri kwa midomo, na kwa migongo yetu tulitangaza bia. Hapo tuliona kwamba swali la nani anabeba mzigo linatuhusu na sisi tusiokunywa. Pilato alinawa mikono, lakini maji hayakutosha.

Kwa hiyo, wapendwa, tunaomba kila parokia ikae na kuzungumza. Je, hatuwezi kuchanga kidogo kidogo, tukanunua viti vyetu wenyewe, hata kama ni mabenchi ya mbao? Mashindano ya mpira ya vijana wetu yatavaa jina la nani kifuani? Na mama anayeuza bia kwa sababu ya shida, je, tutamhukumu tu, au tutamtafutia biashara nyingine pamoja naye?

Tuwafundishe watoto neno hapana wakiwa bado wadogo, nasi wakubwa tulitamke kwanza, hasa tunapopewa kitu cha bure. Mungu atusaidie. Amina.