Hukumu ya Talaka Ikishapita, Yafunguliwa Tena?

 

Ndugu zetu Waislamu, fitina hii yazuka mara kwa mara katika miji yetu: kadhi amekwisha hukumu, talaka imekwisha andikwa, eda imekwisha malizika, kisha mmoja wa wawili wale asema hakuridhika, na kesi ifunguliwe upya. Je, sharia yasemaje?

Twasema: asili ni kuwa hukumu haivunjwi. Sayyidna Omar (R.A.) alihukumu katika urithi kuwa ndugu wa baba na mama hawapati kitu, kisha, katika kesi nyengine mfano wake, akawashirikisha na ndugu wa mama. Alipoulizwa, alijibu kuwa ile yabaki kama ilivyohukumiwa, na hii ni kama inavyohukumiwa sasa. Humo wanazuoni wakapata kanuni: ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi mfano wake. Lau si hivyo, mke aliyeachwa angejuaje lini yu huru kuolewa? Basi majuto, hasira na maneno ya barazani si hoja.

Lakini hukumu si ngome ya batili. Wanazuoni wa Kishafii wamesema kuwa hukumu iliyokhalifu nassi, au ijmai, au kiyasi kilicho wazi, huvunjwa. Huvunjwa pia ikidhihiri kuwa mashahidi wake hawakufaa kushuhudia. Na aliyehukumiwa naye hayupo, akija husikizwa hoja yake. Ama masrufu na malezi ya watoto ni mlango mwengine: hali zikibadilika kadhi huyatazama tena, na talaka yabaki palepale.

Na litazameni jambo hili zito. Mume amemrejea mkewe ndani ya eda, akanyamaza. Mke, hana habari, akaolewa na mwengine. Mume yule akileta mashahidi kuwa alirejea kabla ya eda kwisha, katika madhehebu yetu ndoa ya pili yabatilika. Je, ni haki nyumba ya watu kuvunjwa kwa sababu ya ulimi mmoja uliofichwa? Mwenyezi Mungu ameamrisha mashahidi katika aya ya 2 ya Sura Talaka. Basi mwenye kurejea na ashuhudishe, amwambie mkewe siku hiyohiyo, na aandikishe kwa kadhi.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imezithibitisha mahakama za kadhi, na asiyeridhika ana njia ya rufani katika Mahakama Kuu. Ajaye na hoja aifuate njia hiyo mapema, wala asingoje mpaka mwenziwe ajenge maisha mapya.

Na aliyeshinda kwa uwongo asijidanganye. Mtume (S.A.W.) alitufunza kuwa yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, basi anayepewa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Mahari uliyoyakana na talaka uliyoikana, karatasi ya kadhi haikuhalalishii. Kesi hiyo itafunguliwa tena siku isiyo na wakili wala shahidi wa kununuliwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuirudia haki kabla ya siku hiyo. Amin.