Kuogopa Si Dhambi

Jumapili moja baada ya Misa, huko Kilwa Masoko, mama mmoja wa makamo alitungojea mlangoni pa kanisa, simu mkononi. Alitaka tutazame video aliyotumiwa na mwanawe wa kwanza, ambaye anafanya kazi Uingereza. Kijana alionekana amesimama ndani ya kikapu kikubwa kilichoning'inia chini ya puto la hewa ya moto, juu kabisa ya mashamba ya watu. Akaketi ukingoni mwa kikapu, akatazama chini, akafanya ishara ya Msalaba, kisha akajiachia. Baadaye mwavuli ulifunguka, akatua salama. Chini ya video aliandika kwamba siku ile ameishinda hofu.

Mama yule hakutuuliza kama picha ni nzuri. Alituuliza hivi: "Mwalimu, huyu hakumjaribu Mungu? Na ishara ya Msalaba aliyoifanya, imemsaidia au imemwongezea dhambi?" Kisha akasema neno lililotufanya tusimjibu upesi: "Baba yake alikuwa mkwezi. Kila siku alipanda, na kila siku aliogopa, wala hakurudi nyumbani hata mara moja kuniambia kwamba ameshinda kitu."

Marehemu huyo alianguka kutoka mnazini asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, akafa siku ya tatu, akamwachia mkewe watoto wanne. Basi swali la mama halikuwa la mtu asiyejua maana ya kuanguka. Tuliona haya kumjibu kwa maneno mawili ya mlangoni, tukamwomba aketi barazani. Tulimweleza kadiri tulivyoweza, na mengine tumeyafikiri baadaye.

Kwanza yafaa kujua ni jambo gani lenyewe alilolifanya kijana. Watu wengi wetu tumewaona askari wa miavuli wakishuka katika sherehe za taifa, nao hurukia kutoka katika ndege. Kuruka kutoka katika puto ni kugumu zaidi kwa moyo. Ndege inakwenda mbio, hata mtu akitoka mlangoni upepo humpokea mara moja, humbana na kumchukua, naye hana nafasi ya kufikiri. Puto halina mwendo wake lenyewe. Huchukuliwa na upepo, na kwa kuwa linakwenda pamoja na upepo, aliye kikapuni hasikii hata kivumo. Kimya kitupu. Mrukaji huketi ukingoni akiwa na nafasi tele ya kuiona ardhi na kujiuliza amefuata nini huko. Akijiachia, hakuna kinachompokea. Tumbo humpanda kifuani, na zipite sekunde kadhaa kabla mwendo wa kuanguka haujawa mkubwa hata hewa imbebe. Zikipita kama sekunde 10 au 12, aangukaye kifudifudi huwa anakwenda karibu kilomita 190 kwa saa.

Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwafundisha askari wao wa miavuli karibu na Manchester, na mara za kwanza waliwarusha kutoka katika puto lililofungwa kwa kamba ya chuma, mita 200 na kitu juu ya ardhi. Wengi wa askari hao walisimulia kwamba waliliogopa puto kuliko ndege. Hawa walikuwa watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kupigwa risasi.

Mtu wa kwanza kushuka kutoka putoni kwa mwavuli alikuwa Mfaransa, André-Jacques Garnerin, mjini Paris, tarehe 22 Oktoba 1797. Mwavuli wake haukuwa na tundu la kupitishia hewa, ukamyumbisha vibaya njia nzima, lakini alifika mzima. Mwamerika Joseph Kittinger aliruka mwaka 1960 kutoka zaidi ya kilomita 31, mahali ambapo mbingu huonekana nyeusi mchana. Alipokuwa akipanda, glovu yake ya mkono wa kulia iliharibika, mkono ukavimba, naye hakuwaambia walio chini mpaka alipofika juu, kwa kuchelea wasije wakamrudisha. Kabla ya kujitupa alimwomba Bwana amtunze.

Lakini anayetufundisha zaidi ni yule wa Austria, Felix Baumgartner, aliyeruka tarehe 14 Oktoba 2012 kutoka karibu kilomita 39. Mtu huyu hakuogopa kimo hata kidogo. Aliogopa nguo! Vazi lile zito lililofungwa kila upande, ambalo pasipo hilo mtu hafiki juu akiwa hai, lilimtia kiwewe cha kufungiwa, hata mwaka 2010 aliiacha kazi na kurudi kwao. Alisaidiwa na mtaalamu wa mambo ya nafsi, akalivaa vazi lile tena na tena, kidogo kidogo, mpaka akaweza kukaa ndani yake saa nyingi. Na siku alipopaa, sauti iliyomwongoza kwa redio ilikuwa ya mzee Kittinger. Dunia ilimshangilia kwa kuruka kwake, na sisi twaona ushindi wake ulikuwa chumbani, siku alipokubali kusema mbele ya watu kwamba anaogopa. Alifariki mwezi Julai 2025 huko Italia, akiruka kwa chombo cha mwavuli chenye injini.

Sasa tuje kwenye swali. Je, asiyeogopa ndiye shujaa? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoeleza fadhila ya nguvu, alifuata njia ambayo huwashangaza vijana wetu. Aliuweka woga upande mmoja kuwa kosa, na upande wa pili akaweka kutokuogopa kabisa, akasema nako ni kosa. Mtu asiyeogopa kifo katika jambo lolote, asema, huenda ikawa hauthamini uhai wake kama impasavyo, au ana majivuno ya kujidhania hawezi kupatwa, au akili yake ni nzito. Tena asema kwamba tendo kuu la fadhila hii si kushambulia bali kustahimili, maana ni vigumu zaidi kubaki imara mbele ya jambo la kutisha kuliko kulirukia kwa ghafula. Na tukitaka shahidi mkubwa kuliko Tomaso, tukumbuke bustani ya Getsemani. Bwana wetu aliogopa, jasho likamtoka kama damu, akaomba kikombe kimwepuke. Hakuna Mkristo awezaye kusema kwamba hofu yenyewe ni dhambi, akiisha kusoma habari hiyo.

Yasemwa pia kwamba kuruka kutoka juu ni kumjaribu Mungu, na watu hutaja jinsi shetani alivyompeleka Bwana juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini. Mfano huo ni wa kweli, lakini lazima uangaliwe vizuri. Shetani alimtaka ajitupe mikono mitupu, ili Mungu alazimishwe kutuma malaika. Ubaya wa shauri lile ulikuwa ni kumfanya Mungu mtumishi wa majivuno. Kimo hakikuwa na kosa. Kijana wa Kilwa alikuwa na mwavuli mmoja mgongoni, na wa pili wa akiba, na kifaa cha kuufungua wenyewe kama mikono ingeshindwa. Alikuwa amefundishwa ardhini muda mrefu kabla ya kupandishwa. Hakumdai Mungu muujiza. Angalikwenda bila mafunzo, au amelewa, au na mwavuli asioujua, hapo amri ya tano ingekuwa imevunjwa hata kama angetua salama, maana uhai ni amana, nasi si wenye mali. Na baba mwenye watoto wadogo ajiulize mara mbili zaidi ya kijana asiyeoa. Hili la mwisho mama alilipokea kwa kichwa bila kusema.

Kuhusu ishara ya Msalaba, tulimwambia kwamba itategemea moyo. Akiifanya kama mtu avaaye hirizi, amekosea. Akiifanya kujikabidhi, kwa heri au kwa shari, amesali.

Pwani hii yetu yenyewe ina somo la hofu lililoandikwa kwa damu. Mwaka 1905, huko Ngarambe, bara ya Kilwa, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, lakini vita vilikuwa vimekwisha kuwaka katika vilima vya Umatumbi. Twawaheshimu wazee wale waliokataa kulimishwa pamba kwa kiboko. Lakini aliyeamini kwamba risasi haimdhuru, je, tumwite shujaa kwa kutokimbia? Hakukuwa na kitu cha kukimbia, kwa kadiri alivyojua. Ushujaa tunauona kwa yule aliyemwona ndugu yake ameanguka ubavuni, akajua kwamba maji hayakufanya kazi, na kesho yake akasimama tena mahali pale pale kwa ajili ya nchi yake. Watu wa namna hiyo walikuwapo, nasi hatujui majina yao.

Vita hivyo hivyo vilimkuta Askofu Kasiano Spiss, Mbenediktini, akitoka pwani ya Kilwa kwenda Peramiho pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Waliuawa wote watano Mikukuyumbu, upande wa Liwale, tarehe 14 Agosti 1905. Hatuwezi kusema mioyoni mwao mlikuwa na nini saa ile. Walikuwa wanadamu, na bila shaka waliogopa. Kanisa la Kusini halijawakumbuka kwa sababu hawakutetemeka.

Na kwa kuwa tumetaja mambo ya kuruka, wachache wanajua ya kwamba bara ya Lindi karibu ingeshukiwa na chombo kikubwa cha angani. Mwezi Novemba 1917, mwezi mmoja tu baada ya mauaji makubwa ya Mahiwa, karibu na Nyangao, Wajerumani walituma kutoka Bulgaria meli ya hewa iliyoitwa L59, yenye watu 22 na tani 15 za dawa na risasi, iwafikie askari wao waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Ruvuma. Meli ile haikukusudiwa kurudi. Ilipangwa ivunjwe ikifika, ngozi yake ishonwe mahema na nguo. Watu wake walijua, wakapanda. Walifika mpaka Sudani, wakaitwa kwa redio warudi. Ni moyo mkuu, hatukatai. Lakini ulikwenda kurefusha vita ambavyo wapagazi wetu walikuwa wakifa ndani yake kwa njaa na magonjwa, maelfu kwa maelfu, wakibeba mizigo ya ugomvi usiowahusu. Basi mtu akituambia kwamba ameishinda hofu, haitoshi kumsifu. Twataka kujua ameishinda kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo mama alipotushinda kwa hoja. Alisema, "Basi mume wangu alipanda kwa ajili ya ada ya shule. Huyu amerukia nini?" Tukakiri kwamba hatujui. Pengine kijana amejaribu nafsi yake mahali pasipo na mtu mwingine wa kuumia, ili siku ya haja asijikute mgeni wa moyo wake. Mazoezi si fadhila bado, lakini si upuuzi pia. Mtoto wa mkwezi haanzi na mnazi wa mita 20. Huanza na mfupi, baba yake akimwangalia kutoka chini. Hufundishwa kujaribu kila kidato kabla ya kukiegemea, kutokupanda shina likiwa na maji, na kushika kuti bichi siku zote, maana kuti kavu hung'oka, na msemo wetu wa kukalia kuti kavu haukutungwa na watu waliokaa chini. Mkwezi mwenye akili haifukuzi hofu yake. Huipanda nayo, nayo humwambia lipi ni bichi na lipi ni kavu.

Mama akasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu kilio kimekwisha kuja mara moja, Mwalimu." Methali hiyo ni ya kweli, wala hatukuwa na la kuijibu. Tulifikiri tu kwamba mwanamke aliyefiwa na mume, akauza samaki wa kukaanga miaka kumi na minane, akasomesha watoto wanne, na kila alfajiri akaamka asijue kama bahari imetoa au haikutoa, alikuwa ameketi ukingoni mwa kikapu muda mrefu kuliko mwanawe. Tukamwambia. Akacheka, akasema yeye hakuwa na mwavuli.

Kisha akataka kuitazama video mara nyingine. Ilipofika pale kijana anapoketi ukingoni, akaisimamisha kwa kidole na kutuonyesha jambo ambalo hatukuliona mwanzo: kabla ya ishara ya Msalaba, kijana aliupiga ukingo wa kikapu kwa kiganja, mara mbili, polepole. Marehemu baba yake alikuwa akilipiga shina la mnazi hivyo hivyo kabla ya kupanda, na mtoto alikuwa na miaka tisa, akingoja chini kuokota nazi.

Mama alikaa kimya kwa kitambo. Akafuta kioo cha simu kwa upindo wa khanga, akatupa tumwandikie jibu, maana macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo.

"Mwambie mama yake ameona," akasema. "Tena mwulize, ule mwavuli hukunjwa na nani?"