Mtoto Aliyeacha Kuomba Maji

Kwetu kulikuwa na amri moja ya safari: watoto wasinywe maji. Mtoto akinywa atataka kukojoa, akitaka kukojoa itabidi basi lisimame, na basi likisimama kwa ajili ya mtoto wako, abiria hamsini watakugeukia. Niliirithi kwa mama yangu, ambaye alitusafirisha hivyo hivyo kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kila Desemba, tukifika midomo imekauka na nguo safi. Sikuwahi kuihoji. Nilikuja kuihoji Korogwe, nikiwa nimempakata mwanangu wa miaka minne ambaye macho yake yalikuwa yamezama kama ya mzee.

Tulikuwa wanne safarini. Binti yangu alikuwa na miaka saba, mdogo wake minne, na kitinda mimba alikuwa na miezi tisa, bado ananyonya. Baba yao alikuwa kazini, angetufuata tarehe 24. Nilikata siti mbili, wakubwa wabanane kwenye moja na mimi nimpakate mchanga, kwa sababu tiketi za Krismasi hazina huruma na mfuko. Basi letu lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbezi Luis, na halikuwa na choo. Wanaokwenda Morogoro na Dodoma wanayo treni ya SGR tangu katikati ya 2024, mtoto anaweza kusimama, kutembea, kwenda msalani. Sisi wa Kaskazini wengi bado tunategemea basi, kilomita zipatazo 550, na mtoto hukaa alipowekwa.

Kosa langu la kwanza lilianzia nyumbani, jioni ya kuamkia safari. Yule wa miaka minne aliharisha mara mbili. Ulikuwa msimu wa maembe, nikayasingizia maembe. Alfajiri, nikiwa nimeshafunga mabegi na bajaji inapiga honi nje, aliharisha tena, safari hii maji matupu. Nilisimama mlangoni mwa choo nikiwa na pampasi ya mdogo wake mkononi, nikaipima ile safari. Tiketi zimelipwa wiki tatu zilizopita. Siti nyingine haipatikani mpaka sikukuu ipite. Bibi yao ameshaandaa kitanda. Hayo yote niliyapima, ila mtoto mwenyewe sikumpima. Nikamwambia binti yangu, "Leo mdogo wako asinywe wala asile mpaka tufike. Tumbo likiwa tupu, litatulia."

Nilikuwa naamini ninachosema. Na nimekutana na akina mama wengi tangu siku hiyo, wasomi na wasiosoma, wanaoamini hivyo mpaka leo: kwamba kuharisha ni maji yanayoingia, basi ukifunga mdomo utakuwa umefunga na kule chini. Sivyo. Mwili wa mtoto anayeharisha unaendelea kutoa maji hata kama humpi tone. Unayachota kwenye damu yake, kwenye ngozi yake, kwenye machozi yake.

Mpaka Chalinze mambo yalikuwa mazuri, na sitaki kuyaficha, maana safari na watoto ina utamu wake. Foleni ya Kibaha iliwafurahisha kuliko kitu kingine, kwa sababu malori yalisimama karibu kiasi cha kuhesabu matairi. Kwenye mizani ya Vigwaza binti yangu aliuliza kama na sisi tutapimwa, na nani mzito kuliko wote. Walioketi karibu walicheka naye. Mananasi ya Chalinze yalipopandishwa hadi madirishani, harufu ikajaa basi zima. Mwanangu wa kiume alinyoosha mkono, nikaurudisha.

"Mama, maji."

"Bado kidogo."

Aliomba tena kabla ya Mto Wami. Nikampa kifuniko kimoja cha chupa. Tulipoteremka kuelekea daraja akatapika, kidogo tu, majimaji machungu ya njano, kwa sababu tumboni hamkuwa na kitu. Konda akaleta mfuko bila kusema neno. Mwanamume mmoja mbele akafungua dirisha kwa kishindo, na mimi nikaona aibu inanipanda usoni. Nilianza kumfuta mtoto haraka haraka, nikiomba radhi kulia na kushoto. Nikitazama nyuma, ile aibu ndiyo iliyoendesha safari yetu kutoka pale. Niliogopa kumwita konda tena. Niliogopa kusema mbele ya watu kwamba mwanangu anaharisha. Alipoharisha nilimbadilisha chini ya kitenge, nikafunga mifuko miwili juu yake, nikaisokomeza chini ya siti, nikashukuru kwamba hakuna aliyegundua.

Pale Mkata basi lilisimama kwa dakika chache, na wauzaji wakazunguka madirishani. Moyo ukaniuma, nikamnunulia soda. Nilidhani namhurumia. Aliinywa yote kwa pupa, na ndani ya nusu saa ikatoka pamoja na mengine. Baadaye nilielezwa sababu: sukari nyingi namna ile huvuta maji ya mwili yaingie kwenye utumbo na kuzidisha kuharisha. Juisi za boksi nazo zina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo nilimnyima kilichomfaa, nikamnunulia kilichomdhuru.

Baada ya hapo alitulia.

Mama yeyote aliyewahi kusafiri na watoto watatu anajua raha ya mtoto kutulia. Hakuomba maji tena. Hakumpiga dada yake mateke. Aliegemea dirisha, macho nusu wazi, mkonge ukipita nje mistari kwa mistari. Nikamnyonyesha mchanga, nikasema moyoni, sasa tumeshaizoea safari. Nilikuwa karibu kusinzia.

Binti yangu ndiye aliyeniamsha. "Mama, analia lakini hana machozi."

Nikageuka. Uso wake ulikuwa umejikunja kwa kilio, midomo imepasuka, na sauti haikutoka wala chozi halikushuka. Kwenye kiti cha nyuma yetu alikuwa ameketi bibi mmoja anayeshukia Same. Aliinuka, akashika siti kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapandisha fulana ya mtoto na kuifinya ngozi ya tumbo. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa, ikarudi taratibu. "Mwanangu," akaniambia, si kwa ukali, "huyu amekauka. Amekojoa lini?"

Sikujua. Tangu alfajiri sikuwa nimeona mkojo. Na nilikuwa nimelihesabu hilo kama bahati.

Bibi alitoa kwenye pochi pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kumbe husafiri nayo. Nikaimimina yote kwenye chupa yangu ya nusu lita, nikatikisa, nikaanza kumnywesha. Kisha nikafanya nilichokuwa naogopa tangu Wami. Nilipaza sauti, nikasema mbele ya basi zima kwamba mwanangu anaharisha na kutapika, na naomba tushuke hospitali ya karibu.

Hakuna aliyenuna. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ambayo hayakuja. Yule mwanamume wa dirisha alimchukua mchanga mikononi mwangu ili nipate kukusanya vitu. Dereva aliuliza mara moja tu, "Korogwe au hapa hapa?" Tulipofika Korogwe konda alishuka nasi, akatoa mabegi kwenye buti, akasimamisha bajaji, akaandika nyuma ya tiketi zetu ili basi la kesho la kampuni yao litupokee bila malipo. Akiwa anambeba binti yangu kumvusha barabara akaniambia, "Dada, mbona hukusema tangu Wami? Mimi mwenyewe nina watoto."

Neno hilo limekaa nami kuliko yote niliyoambiwa siku ile.

Hospitalini nesi aliniuliza maswali machache, yote ya namba. Ameharisha mara ngapi tangu jana? Nilipofika ya sita nikaacha. Akasema mtoto akitoa kinyesi cha majimaji mara tatu kwa siku, hapo tayari ni kuharisha, maembe au si maembe. Akaiona chupa mkononi mwangu. "Umechanganya pakiti nzima humu?" Nikaitikia. Akaimwaga kwenye sinki mbele yangu. Pakiti ile ni ya lita moja ya maji safi, akaeleza. Ukiiweka kwenye nusu lita unampa mtoto chumvi mara mbili, na chumvi iliyozidi inaweza kumdhuru mtoto aliyekwisha kauka. Ni jambo dogo, lakini fikirini: maji yanayouzwa zaidi madirishani mwa mabasi yetu ni ya chupa za nusu lita. Ni wangapi wamefanya kama mimi?

Alipimwa, kilo 16. Kwa mtoto aliyepungukiwa maji kiasi chake, nesi alisema, huhesabiwa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, yaani zaidi kidogo ya lita moja. Hakumtundikia dripu, kwa sababu alikuwa bado anaweza kumeza. Angekuwa hawezi kunywa, au amelegea kiasi cha kutoamka, isingengojewa. Nikapewa kikombe na kijiko. Kijiko, dakika, kijiko, dakika. Alipotapika nilidhani tumeshindwa. Nesi akasema subiri dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Nilikaa kwenye benchi lile mchana wote na kijiko changu. Sijawahi kufanya kazi ndogo namna ile yenye uzito namna ile. Mama mkwe alipiga simu, nikamwambia kila kitu, nikingoja lawama. Akasema, "Mama, lala hapo na watoto. Ndizi zangu hazitaoza kwa siku moja."

Saa kumi jioni mwanangu alikojoa, nikalia. Alipewa vidonge vya zinki, miligramu 20, kimoja kila siku kwa siku kumi hadi kumi na nne, na nikaonywa nisiviache kwa sababu kuharisha kumekoma. Akaruhusiwa kula. Usiku ule, kwenye chumba cha kulala wageni, nililinganisha watoto wangu watatu. Aliyesafiri vizuri kuliko wote alikuwa mchanga wa miezi tisa. Kila alipotaka, alinyonya. Yeye peke yake sikumnyima kitu.

Tangu hapo sisafirishi mtoto anayeharisha, hata tiketi iwe imelipwa kwa dhahabu. Najua uchungu wa kupoteza nauli ya familia, najua pia kwamba nilikuwa tayari kuilinda nauli ile kwa gharama ambayo nisingeweza kuilipa. Nimeacha pia kukata siti mbili kwa watu wanne. Tunabeba chupa ya lita moja ya kila mtoto, pakiti za ORS, chapati kavu badala ya vitu vya mafuta, na poti dogo la plastiki lenye mifuko. Naomba siti za mbele, maana mwanangu huyu bado anatapika barabarani kama watoto wengi wa umri wake, na akitazama mbali kupitia kioo cha mbele hupata nafuu kuliko akiinamia simu. Lakini jambo ninalolifanya kabla ya yote hayo ni kumtafuta konda pale Mbezi, basi likiwa bado limesimama, nikamwambia: kaka, nina watoto watatu, baada ya kila saa mbili hivi tutahitaji kushuka. Mpaka leo sijapata konda aliyekataa. Wapo walioniambia asante kwa kusema mapema.

Kesho yake, baada ya usiku ule wa Korogwe, tuliendelea. Basi lilikuja saa saba, tukapata siti za nyuma kabisa. Milima ya Usambara ikatembea nasi upande wa kulia, kisha ya Upare, na joto la nyika likaingia madirishani. Chupa ya lita moja ilikuwa mapajani mwangu, mwanangu akinywa kila alipotaka. Kilomita chache kabla ya Same akanivuta kitenge.

"Mama, mkojo."

Nilisikia mwili wangu unakaza kwa mazoea ya miaka mingi. Nikasimama, nikashika siti ya mbele, nikaita kwa sauti ya kufika kwa dereva: "Konda, tunaomba kuchimba dawa! Ni mtoto."

Basi lilipunguza mwendo, likaegesha pembeni. Nikamshika mkono, tukaanza kupita katikati ya siti. Mama mmoja akainuka nyuma yetu, mtoto mgongoni. Kisha vijana wawili. Kisha mzee mwenye fimbo, akashikwa mkono na konda. Nilipogeuka pale chini, kwenye vumbi na miiba, karibu nusu ya basi ilikuwa inashuka, wanaume upande huu, wanawake upande ule nyuma ya vichaka, na mwanangu amesimama mbele yangu akitazama mkojo wake ukichora mstari mrefu mchangani, akiniuliza kama na bibi angeuona.