Kununua cha ndugu: ni wajibu au ni sadaka?

Kila duka au kiwanda cha mwenzetu kinapofungwa, hazikosi lawama: "Hatupendani, tunawatajirisha wageni." Lawama hii naifahamu, maana hata mimi nimewahi kuitoa. Leo nataka tuipime. Je, muuzaji akiwa ndugu yetu, ni wajibu kununua kwake hata kama bei yake iko juu?

Tuchukue mfano ulio karibu. Mwaka 1996, mjini Kampala, kijana wa miaka 15 aitwaye Ashish Thakkar aliacha shule akafungua duka dogo la kompyuta. Wazazi wake walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na mwaka 1994 familia ikapoteza kila kitu katika mauaji ya Rwanda. Mwenyewe husimulia kuwa alianza kwa kuuza kompyuta aliyonunuliwa na baba yake, akapata faida ya dola 100. Kisha akawa anapanda ndege mwisho wa wiki kwenda Dubai, anajaza vifaa kwenye begi, anarudi kulipa ushuru na kuuza.

Kutokana na begi hilo likakua kundi la makampuni ya Mara. Oktoba 2019 lilifungua kiwanda cha simu za kisasa Kigali mbele ya Rais Kagame, na mwezi huohuo kingine Durban mbele ya Rais Ramaphosa. Kile cha Kigali kilitajwa kuwa kimegharimu dola milioni 24, chenye uwezo wa kutoa simu 1,200 kwa siku. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Simu hiyo ndiyo kompyuta pekee ambayo wengi wetu tutaimiliki.

Lakini mwaka 2022 mitambo ya Durban ilipigwa mnada. Kiwanda hakikufikisha hata miaka mitatu.

Sasa tutazame bei. Simu ya Mara ya bei nafuu iliuzwa dola 130 na ile kubwa dola 190, wakati simu nyingine za kisasa zilipatikana Kigali kwa chini ya dola 40. Mama muuza dagaa mwenye dola 40 mkononi, akaacha ya dola 130, amemkosea nani? Mimi nasema hajamkosea mtu. Fedha ile ina watoto nyuma yake. Ukimwambia aongeze dola 90 kwa sababu simu imetengenezwa Afrika, unamwomba sadaka. Sadaka ni jambo jema, lakini iitwe kwa jina lake, na ianze kuombwa kwa wenye nacho.

Je, basi mnunuzi hadaiwi kitu? Hapa ndipo ninapolazimika kujisema mwenyewe.

Mwaka 2008, hapa kwetu Mkuyuni, kulikuwa na kijana aliyekuwa akiunganisha kompyuta. Alinunua vifaa vya mitumba, akavisafisha, akajaribu kimoja kimoja, akatoa mashine inayofanya kazi. Aliniuzia moja kwa shilingi laki tatu na nusu, bei iliyokuwa chini ya ile ya mjini. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nitakumalizia baada ya miezi miwili." Akakubali, maana ni jirani na tunasalimiana kila siku. Nilimaliza kumlipa baada ya miezi kumi na moja, kidogo kidogo, tena kwa kukumbushwa. Na katika miezi hiyohiyo nilikwenda mjini nikanunua printa kwa muuzaji nisiyemjua, nikahesabu noti zote papo hapo. Sikuthubutu hata kumtajia mkopo.

Kijana alifunga duka mwaka uliofuata, akaelekea machimboni Geita. Sisemi ni deni langu peke yake lililomfunga, lakini hakuwa na mdaiwa mmoja. Vifaa vyake alivinunua kwa taslimu, akaviuza kwa ahadi. Duka la namna hiyo haliwezi kujaza rafu zake tena, hata mwenyewe awe fundi kiasi gani. Na siku alipofunga, nami nilisimama barazani nikisema hatupendani.

Huo ndio ugonjwa wetu hasa. Tunadhani tunamdhulumu ndugu tunapoacha kununua kwake, kumbe mara nyingi tunamdhulumu baada ya kununua. Kwa mgeni tunalipa taslimu, na kwa jirani tunalipa kwa udugu. Kununua kwake ni hiari yako, pima bei na ubora kwa haki. Ila ukishachukua bidhaa yake, kumlipa kwa wakati ni wajibu, na udugu unauzidishia uzito wajibu huo.

Tunapozika, kabla jeneza halijaondoka, husimama mtu akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Duka linapokufa hakuna anayesimama kutangaza ni nani walikuwa wakidaiwa. Basi tujitangazie wenyewe mapema, mwenye duka angali amekaa nyuma ya meza yake. Wiki hii pitia daftari la duka la mtaani kwako, ulitafute jina lako.