Sukari ya Miezi Mitatu

Tuchukue mzee wa Nyamisangura, Tarime mjini, mwenye kisukari cha miaka mingi. Masika yakaleta malaria, malaria ikammaliza damu, akalazwa na kuongezewa chupa mbili. Akapona. Wiki tano baadaye akapimwa HbA1c, kile kipimo wanachokiita cha miezi mitatu. Majibu: asilimia 6.1. Nyumbani wakashangilia, isipokuwa binti yake, aliyekuwa akimtoboa kidole kila asubuhi na kusoma kwenye kimashine cha sukari namba ya juu, 13, siku nyingine 14.

"Baba, hizi namba hazipatani."

"Mwanangu, hicho kimashine kimechoka. Cha hospitali ndicho cha kuaminika."

Mzee akajipunguzia vidonge. Lengelenge la kiatu likawa kidonda, na kidonda kikaondoka na kidole cha mguu.

Mashine ya hospitali haikukosea hata kidogo. HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye himoglobini, ndani ya chembe nyekundu zinazoishi takriban siku 120. Malaria ilikuwa imezipasua chembe za mzee kabla ya wakati wake. Alizobaki nazo zilikuwa changa, na nyingine za mchangia damu asiye na kisukari. Sukari ya mzee haikuwa imepata muda wa kuziganda.

Kwa mgonjwa wa selimundu hali ni nzito zaidi, kwani chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu. Hata aliyerithi jeni moja ya selimundu, asiyeumwa chochote, kipimo chake huweza kushuka: utafiti wa Wamarekani weusi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta tofauti ya takriban pointi 0.3 za asilimia. Mkoani Mara, ziliko Tarime na Musoma, watu hao ni wengi. Katika takwimu za Musoma alizochapisha mtafiti Anthony Allison mwaka 1956, watu wazima 249 kati ya 654 walikuwa na jeni hiyo moja. Upungufu wa madini ya chuma nao hufanya kinyume, hupandisha namba, na mama mwenye kisukari na hedhi nzito anaweza kuongezewa dawa mpaka sukari ishuke azimie.

Binti alistahili kusikilizwa. Aliye katika hali yake aende kliniki na daftari la vipimo vya asubuhi, aseme wazi kwamba baba aliugua malaria na kuongezewa damu, aombe maabara ipime sukari ya damu ya mshipa kabla mzee hajala. Kimashine nacho huweza kusoma juu damu ikipungua, kwa hiyo kisiachwe kiamue peke yake. Na vidonge visiguswe mpaka daktari aone namba zote.