Kukosoa Kazi ya Mwenzio

Katika miaka yote niliyofundisha, na hata nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliamini kwamba mwenye kusema kweli amekwisha kutimiza wajibu wake. Kosa likiwapo, litajwe. Mtu akiumia, hilo ni lake na moyo wake. Siku hizi sina hakika tena. Walionitia mashaka ni mjukuu wangu na wenzake wawili, ambao kazi yao ni kuchora picha za michezo ya kompyuta.

Hukutana sebuleni kwangu siku za Jumamosi. Kila mmoja hufungua picha yake kwenye kompyuta, na wengine huitazama. Nilidhani watasifiana tu. Sivyo. "Mwanga wako unatoka wapi?" mmoja aliuliza, maana mwenzake alikuwa ametia kivuli kuzunguka kingo zote za umbo, likavimba kama mto wa kulalia. Mwingine alitaka picha ya askari ijazwe rangi nyeusi tupu, ili waone kama umbo lake peke yake linatosha kumtambulisha. Kisha wakaigeuza kulia kuwa kushoto, kama ionekanavyo katika kioo, na bega lililopinda, ambalo mchoraji hakuliona kwa siku tatu, likajitokeza papo hapo. Mwisho waliipunguza hadi ikawa na ukubwa wa ukucha.

Niliuliza kwa nini udogo huo una uzito kiasi hicho. Mjukuu wangu akanieleza habari za Mario. Mjapani Shigeru Miyamoto alipombuni kwa ajili ya Donkey Kong, mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1981, alikuwa na nukta chache mno za kuchorea. Mdomo usingeonekana vizuri, basi akampa pua kubwa na masharubu. Nywele zilikuwa taabu kuzichora, na taabu zaidi kuzionyesha zikirushwa anaporuka, basi akamvika kofia. Ovaroli nayo ilisaidia mikono itofautiane na mwili.

"Kwa hiyo, Babu," akasema, "hatuulizi kama picha inatupendeza sisi. Tunauliza mchezaji ataona nini."

Neno hilo lilinirudisha mwaka 1986. Nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa amechora moyo wa binadamu kwenye karatasi ya manila, kazi ya usiku mzima bila shaka, kwa mistari myembamba na rangi hafifu. Watoto wa nyuma hawakuona kitu. Nikasimama, nikachukua kalamu nene nyekundu, nikapita juu ya mistari yake mbele ya darasa lake. Watoto wakauona moyo. Mwanachuo akanishukuru kwa adabu. Lakini katika wiki zilizobaki hakuleta tena picha darasani. Alifundisha kwa chaki na maneno.

Nilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonisumbua. Kama ningekosea, ningekiri, nikaomba radhi, mambo yakaisha. Lakini mistari ilikuwa myembamba kweli. Basi kosa langu lilikuwa wapi?

Mkufunzi mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba nilikosa upole. Sikubaliani naye sana. Vijana hawa hawasemezani kwa upole. Nimemsikia mmoja akisema, "Huyu si askari, ni gunia," na wote wakacheka, mwenye picha akiwa wa kwanza. Tena, sifa isiyo na kweli ni dharau iliyovikwa nguo nzuri, kwani humwambia mtu kwamba hana uwezo wa kubeba zaidi.

Hata kuchora juu ya kazi ya mwingine, jambo nililolifanya mimi, wao pia hulifanya. Ila tazama namna yao. Huomba ruhusa kwanza. Kisha huchora kwenye tabaka la pekee, mithili ya mtu anayeweka karatasi angavu juu ya ramani, na picha ya mwenyewe hubaki chini bila kuguswa. Wakimaliza, tabaka lile huondolewa, na mwenye kazi hurudi kuchora kwa mkono wake mwenyewe. Anaweza kufuata ushauri, anaweza kuuacha. Kuambizana kuko, kusikilizana ni hiari.

Hapo nikaona makosa yangu mawili. Kwanza, kipimo cha haki kilikuwa mtoto wa dawati la nyuma, lakini sikumtaja. Nilijiweka mimi kuwa kipimo. Ningemwita mwanachuo yule baada ya kipindi, nikamketisha kwenye dawati lile aitazame picha yake, angeliona kosa mwenyewe. Pili, nilimnyang'anya kazi. Ilianza kuwa yake, ikaisha kuwa yangu.

Mtu ataniuliza: je, watoto wakose somo ili heshima ya mwalimu ilindwe? Swali hilo ni zito, nami nimejitetea kwalo miaka mingi. Lakini ningeweza kuwaambia watoto wa nyuma wasogee mbele. Ingechukua dakika moja. Nami niliwapa watoto wale moyo mmoja, nikawanyima wote watakaofuata picha ambazo mwalimu yule angewachorea. Mwenye kukosoa hana budi kuhesabu na hasara hiyo.

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu aliniomba maoni kuhusu picha ya mji wa pwani, ambamo mchezaji ataruka kutoka paa hadi paa. Rangi ya mapaa ilikuwa karibu sawa na rangi ya anga. Kidole changu kilikuwa kimekwisha kunyanyuka. Nikakirudisha, nikauliza, "Mchezaji atajuaje pa kukanyaga?"

Akanyamaza, akaitazama picha kitambo kirefu. Kisha akaanza kuyatia mapaa giza, moja baada ya jingine, nami nikabaki nimeweka mikono magotini.