Deni Letu kwa Sungura Tuliyemfungia

Katika hadithi za wazee wetu hapana mnyama mwerevu kama Sungura. Humshinda Simba, humdanganya Fisi, hunywa maji ya kisima asichokichimba, na akikamatwa hutoka kwa hila. Twawasimulia watoto habari hizo, nao hucheka. Kisha asubuhi huenda nyuma ya nyumba kumtazama sungura waliyemtia katika kizimba cha mbao, wakidhani kuwa ni yeye yule. Siye. Sungura wa hadithi ni yule wa porini, azaliwaye na manyoya na macho yaliyofumbuka, alalaye juu ya ardhi majanini. Huyu wa kufugwa asili yake ni nchi za Hispania na Ureno. Huzaliwa uchi, haoni, ndani ya shimo, na kwetu jina tu ndilo wanaloshiriki. Tena hata kama angalikuwa na werevu wote wa hadithini, ungalimfaa nini nyuma ya komeo?

Hapo ndipo penye swali letu. Mtu amfugaye mnyama kwa kumpenda tu, si kwa nyama wala kwa biashara, ana wajibu gani kwake? Wengi hujibu upesi ya kuwa wajibu hutokana na upendo: umpendaye umtunze. Sisi hatuoni hivyo. Upendo wa mtoto huja na kwenda. Siku ya kwanza humpakata sungura kutwa, mwezi wa pili hukumbuka mpira. Kama deni lingetokana na upendo, lingekwisha siku ile upendo unapopoa. Twaona ya kuwa deni hutokana na komeo. Kuku akikosa punje hupekua jalalani. Mbuzi hulia mpaka jirani akauliza. Mbwa huiba jikoni. Sungura wa kizimbani hawezi hata moja katika hayo. Tumemwondolea kila njia ya kujisaidia, basi yote ambayo angejitafutia mwenyewe yametuangukia sisi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu tumemfungia mlango, na jembe halifikii.

Tena hana sauti. Akiogopa hupiga chini mguu wa nyuma. Kupiga ukelele ni nadra, na aghalabu ni pale aonapo kifo mbele yake. Maumivu huyaficha, kwa maana kati ya wanyama wanaowindwa anayeonyesha udhaifu ndiye atangulizwaye kuliwa. Kwa hiyo mtu hawezi kusema, “Hakulalamika.” Yampasa kutazama mwenyewe kila siku: amekula? Kinyesi chake ni kigumu na cha mviringo kama jana? Sungura aliyeacha kula siku nzima yu karibu na kufa, kwa kuwa matumbo yake hayawezi kusimama kazi. Meno yake nayo hukua maisha yake yote. Hayapunguzwi na ugali wala mkate, bali na nyasi, mbichi na kavu, ambazo ndizo chakula chake hasa. Watoto wengine humpiga wakimwona akila kinyesi chake kilicho laini, wakisema ni mchafu. La, ndivyo alivyoumbwa. Chakula chake hupita tumboni mara mbili, na humo hupata virutubisho alivyovikosa mara ya kwanza.

Kizimba chenyewe hakidai fedha nyingi kama kinavyodai fikira. Kiwe na urefu wa kumtosha kuruka mara tatu mfululizo, na kimo cha kusimama kwa miguu ya nyuma pasipo masikio kugusa dari. Sakafu isiwe waya mtupu, maana waya humchubua nyayo mpaka zikaoza. Afadhali mbao zenye nyasi kavu, zibadilishwe zikilowa. Kivuli ni lazima. Sungura hatoki jasho, hupunguza joto kwa masikio yake, na joto likizidi digrii 30 aweza kufa mchana mmoja. Atakayemweka chini ya bati Tanga mwezi wa Februari amemwoka. Miguu ya kizimba isimamishwe katika mikebe yenye maji, kwa ajili ya siafu, ambao hawaachi kitu. Dume na jike watengwe, ila kama makao ya watoto yamekwisha kuwekwa tayari, kwa kuwa mimba huchukua siku 31 au karibu na hapo, na kizimba cha wawili hakiwi cha kumi kwa kutamani tu. Wala asinyanyuliwe kwa masikio. Ashikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mmoja chini ya mapaja.

Watu wengine watasema: “Watoto wa watu wanalala njaa, nanyi mwaandika habari za malazi ya sungura!” Neno hili si la kudharauliwa. Lakini hakuna mtoto apataye kushiba kwa sababu sungura amenyimwa maji. Wala hakuna aliyelazimishwa kufuga. Asiye na nafasi asifunge komeo, na hapo hana deni lolote. Na amfugaye kwa kitoweo je? Twasema deni lake ni lile lile, kwa siku zote za uhai wa mnyama, hata kama siku hizo zimehesabiwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nayo ni njema, lakini hakuna askari atakayezunguka nyuma ya nyumba zetu kuvichungulia vizimba.

Wako na wale ambao, wakichoka, hufungua mlango jioni na kusema, “Nimempa uhuru.” Uhuru gani? Aliyezaliwa kizimbani hamjui mbwa wala nguchiro, na aghalabu hafiki alfajiri. Na wakipona, madhara yaweza kuwa ya wengine. Mwaka 1859 Thomas Austin wa Victoria, Australia, aliwafungulia sungura wachache walioletwa kutoka Uingereza ili wawindwe. Wazao wao wakaenea na kuteketeza malisho ya nchi, hata mwaka 1950 wakaachiliwa ugonjwa wa miksomatosi, ukawaua kwa mamilioni. Basi aliyechoka amtafutie sungura wake mfugaji mwingine, na kabla ya kumkabidhi aende mwenyewe, adhuhuri, jua likiwa kali, akakitazame kizimba kile kama kina kivuli.